Karatasi, Karata na Kadi: Kujifunza Maneno ya Kiingereza kwa Mizizi Yake



Nimekuja na vitu vitatu. Hii ni karatasi niliyoandikia mhadhara wangu. Hizi ni karata, nimeziazima kwa vijana wa kijiweni kwetu. Na hii ni kadi ya mwaliko wa harusi ya mpwa wangu. Tunaviita kwa majina matatu, wala hakuna anayevichanganya. Lakini majina hayo ni ndugu wa damu. Wagiriki wa kale walikuwa na neno “khartes”, jani la mafunjo lililotengenezwa kwa ajili ya kuandikia. Neno hilo lilifika kwa Waarabu likawa “qirtas”, wakatuletea pwani, nasi tukasema karatasi. Lilifika pia kwa Warumi likawa “charta”. Wareno wakalirithi likiwa “carta”, wakaja nalo merikebuni, nasi tukapata karata. Wafaransa wakalifanya “carte”, Waingereza wakalitwaa na kulitamka “card”, nasi tukapata kadi. Hata hapo halikuchoka. Chati, katoni na katuni ni wajukuu wa jani lilelile.

Nimeanza na hadithi hii ili niseme jambo moja ambalo miaka ya kufundisha Kiingereza imenithibitishia. Mtoto anayezungumza Kiswahili haendi mikono mitupu anapokutana na maneno marefu ya Kiingereza. Anajua namna mzizi unavyozaa maneno, kwa kuwa lugha yake yote imejengwa hivyo. Na baadhi ya mizizi ya Kigiriki na Kilatini imo kinywani mwake tangu utotoni. Sisi walimu ndio hatujamwonyesha.

Wengi wenu mlisoma kama nilivyosoma mimi: miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha ukaingia kidato cha kwanza na kukuta vitabu vyote vimegeuka Kiingereza. Katika wiki zile za mwanzo mwalimu wetu wa bayolojia aliandika ubaoni neno “photosynthesis”. Herufi kumi na nne. Akatuambia tulinakili mara ishirini. Nililinakili mpaka kidole kikaingia shimo la kalamu. Niliweza kuliandika kabla sijaweza kulitamka, na niliweza kulitamka kabla sijajua ni nini. Ilipita miezi kadhaa ndipo nikang'amua, peke yangu, kwa kuangalia mchoro wa jani, kwamba lile dude lililonitoa jasho lilikuwa usanisinuru, jambo nililokwisha kulisoma shule ya msingi.

Yaangalieni maneno haya mawili yakiwa bega kwa bega. Kwa Kigiriki “photo” ni ya nuru. “Syn” ni pamoja. “Thesis” ni kuweka. Mmea unaweka vitu pamoja kwa nguvu ya nuru. Upande wa pili kuna usanisi, yaani kuunda kwa kuweka vitu pamoja, na kuna nuru. Waliotunga istilahi yetu walipitisha sindano mlemle ilimopita ya Wazungu, na tofauti pekee ni kwamba nuru yetu imekaa mwisho na yao imekaa mwanzo. Dakika tano za ubaoni zingetosha kunionyesha hayo, na faida isingeishia kwenye bayolojia. Ningeitambua “photo” ndani ya “photograph”, na ndani ya “photocopy” iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibanda cha nje ya geti la shule. Ningeitambua “syn” ndani ya “synonym”, maneno yenye maana moja, na ndani ya “sympathy”, kuhisi maumivu pamoja na mwenzako.

Hesabu zina zawadi kubwa zaidi. Mtoto wa darasa la tatu anajua pembetatu. “Triangle” ni “tri”, tatu, na “angulus” ya Kilatini, pembe. “Pentagon” ni pembetano, “hexagon” ni pembesita, “octagon” ni pembenane, na safari hii “gon” ndiyo pembe kwa Kigiriki. Hapa hakuna cha kukariri. Kuna kufungua neno la kwako na la mwenzio, na kukuta ndani mna vitu vilevile.

Sasa niseme kuhusu mzizi wenyewe, maana hapa ndipo sisi wasemaji wa lugha za Kibantu tuna utajiri ambao Mwingereza angeutamani. Chukueni kitenzi kuhama. Mzizi wake tunauzalisha tupendavyo: hama, hamia, hamisha, uhamisho, uhamiaji, mhamiaji, mhamahamaji. Hakuna mtoto aliyefundishwa orodha hiyo. Anaimba nayo tu. Warumi nao walikuwa na “migrare”, kuhama, na Kiingereza kimechuma humo “migrate”, “migrant”, “migration”. Halafu kuna yale mawili yanayowatesa hata watu wazima, “emigrate” na “immigrate”. Nimewaona wahitimu wa chuo kikuu wakiyachanganya. Lakini “e” ya kwanza ni kutoka nje, na “im” ya pili ni kuingia ndani. Anayeondoka kwao amehama, anayefika kwetu amehamia. Irabu moja tuliyoitia mwishoni, ile i ya kutendea, inafanya kazi ambayo Kilatini kimeipa kiambishi cha mwanzoni. Mwambieni hivyo mwanafunzi mara moja, hatachanganya tena, kwa sababu hajawahi kuchanganya hama na hamia.

Na iko hii “im”. Mbona mara ni “in”, mara “im”, mara “il”, mara “ir”? “Incorrect”, “impossible”, “illegal”, “irregular”. Vitabu vingi vya sarufi huliweka jambo hili kama sheria ngumu ya kukariri. Lakini tunasemaje wingi wa ulimi? Ndimi. Wingi wa ubao? Mbao. Njia refu inakuwa njia ndefu. Kwetu ni midomo inayojitafutia raha: n inapokutana na b inageuka m, na wakati mwingine herufi inayofuata ndiyo inayogeuka. Midomo ya Warumi ilikuwa midomo kama hii yetu. “In” ilipokutana na p ikawa “im”, ilipokutana na l ikamezwa ikawa l.

Hata maneno tuliyopewa na Waarabu yanatufunza somo lilelile. Weka pamoja kitabu, katibu, katiba, maktaba na mkataba. Kila moja lina k, t na b, na kila moja linahusu maandishi. Kilatini kina “scribere”, kuandika. Kutoka humo daktari anakupa “prescription”, maandishi yanayotangulia dawa. Mwanahistoria anafungua “manuscript”, kilichoandikwa kwa mkono, maana “manus” ni mkono. Vijana wetu wanahimizwa kila siku kwenye simu kwamba wa-“subscribe”, yaani, kwa maana ya asili, waandike jina lao chini ya hati, kwa kuwa “sub” ni chini.

Mtu atauliza, Kiingereza kilifikaje kuwa na mizizi ya watu wengine kiasi hiki? Kwa ufupi, ni kwa njia zilezile zilizotupa sisi maneno yetu: dini, vita na elimu. Lugha ya msingi ya Waingereza ililetwa kisiwani na makabila ya Kijerumani. Mwaka 597 wamisionari kutoka Roma walitua Kent na Kilatini cha kanisa. Mwaka 1066 William wa Normandy alishinda vita vya Hastings, na kwa vizazi kadhaa wakubwa wa nchi wakazungumza Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini. Ndiyo maana ng'ombe akiwa malishoni anaitwa “cow”, neno la mchungaji, na akifika mezani anaitwa “beef”, neno la bwana mkubwa. Kisha wakaja wanazuoni wa karne ya 16 na kuendelea, wakachota Kigiriki na Kilatini kwa makusudi kila walipohitaji jina la kitu kipya. Mazoea hayo hayajakoma. Sayansi ikipata kitu leo, hukibatiza kwa lugha hizo.

Na wakati mwingine kilichobatizwa ni chetu. Naomba nikae kidogo hapa.

Tarehe 17 Julai 1959, kwenye Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona mfupa wa fuvu ukichomoza ardhini. Mumewe Louis aliliita fuvu lile “Zinjanthropus boisei”. Tulifungue jina. “Zinj” ni jina la kale ambalo Waarabu waliliita eneo letu la Afrika Mashariki, ndugu wa neno lililomo ndani ya Zanzibar. “Anthropos” ni mtu kwa Kigiriki. Mtu wa Zinj. “Boisei” ni kumbukumbu ya Charles Boise, aliyetoa fedha za utafiti. Mtu wa namna hiyo, anayetoa mali kwa manufaa ya watu, Waingereza humwita “philanthropist”: “philos” ni mwenye kupenda, “anthropos” ni watu. Ukiwa na “philos” umeshaishika na falsafa, neno tulilolipata kwa Waarabu nao wakiwa wamelipata kwa Wagiriki: kupenda hekima, “philosophia”. Baadaye wataalamu walilihamisha fuvu lile kwenye kundi la “Paranthropus”, walio kando ya mtu. Zinj ikaondoka, mtu wa Kigiriki akabaki. Mwanafunzi anayejua mizizi hiyo hata mwalimu wa historia hamtishi tena.

Mfano wa pili ni wa kale zaidi. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, unaojulikana kama Periplus. Anautaja mji wa biashara wa pwani yetu uitwao Rhapta, na anasema umepata jina hilo kutokana na mashua zake zilizoshonwa. Kushona kwa Kigiriki ni “rhaptein”. Hapa wazee wa Lamu na visiwa vyake watakumbuka mtepe, chombo ambacho mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Sasa nenda hospitali. Mtu mwenye ngiri akipasuliwa na kushonwa, daktari anaweza kuandika katika faili “herniorrhaphy”. Sehemu ile ya mwisho inayomkatisha tamaa mwanafunzi wa uuguzi ni mshono uleule wa Rhapta. Na mwanamuziki anayeita utunzi wake “rhapsody” anatumia neno lililowahusu watambaji wa Kigiriki walioshona nyimbo. Nilipokutana na jambo hili kwa mara ya kwanza niliacha kula. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote nikidhani maneno yale magumu yametoka mbali kabisa na mimi, kumbe mtu mmoja aliandika kwa Kigiriki habari za pwani hii, akazitaja mashua zake kwa mzizi ambao mtoto wangu anaukariri leo.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba haya ni mapambo ya wasomi. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kisukari. Mwaka mmoja alizimia, akalazwa, akatoka na karatasi iliyoandikwa “hypoglycaemia”. Mjukuu wake aliyekuwa kidato cha nne akaisoma, akaona “gly” akakumbuka glukozi, akatangaza nyumbani: bibi ana sukari, msimpe chochote kitamu. Kwa nia njema kabisa wakaficha sukari na asali. Nilifika siku ya pili, nikaisoma karatasi, moyo ukashuka. “Glykys” ni tamu, “haima” ni damu, hapo kijana hakukosea. Lakini “hypo” ni chini. Sukari yake ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Kama ingekuwa imepanda, ingeandikwa “hyper”, juu. Ile dalili ya kutetemeka na kutokwa jasho ikirudi, alichohitaji upesi ni kitu cha sukari. Tulimrudisha kwa daktari siku ileile, akatueleza vizuri na mambo yakawa salama. Tangu hapo “hypo” na “hyper” ndiyo mizizi ya kwanza ninayofundisha, kabla ya mingine yote, na sifundishi nusu yake. Neno husomwa zima: kushika “gly” na kuacha “hypo” ni kusoma nusu ya kibao cha barabarani.

Ipo mitego mingine. “Pedestrian” ni mwenda kwa miguu, kwa kuwa “pes” ni mguu kwa Kilatini. Lakini “pediatrician” hatibu miguu, anatibu watoto, maana “pais” ni mtoto kwa Kigiriki. “Homo” ya “Homo sapiens” ni mtu, ya Kilatini. “Homo” ya “homogeneous” ni namna moja, ya Kigiriki. Na ile “in” niliyoisifu ina pacha. Pacha mmoja anakanusha, mwingine anasema ndani. “Inhabitable” ni mahali panapokalika, si mahali pasipokalika. Lori la mafuta lenye maandishi “inflammable” linashika moto, na aliyedhani “in” hapo ni si, akawasha sigara karibu yake, hatapata nafasi ya kusahihishwa.

Tena mizizi hutunza makosa ya waliotangulia. Malaria ni Kiitaliano cha hewa mbaya, na ni mwaka 1897 ndipo Ronald Ross alipoviona vimelea vyake ndani ya mbu. “Oxygen” maana yake ni kizaa asidi, kwa kuwa Lavoisier aliamini kila asidi inayo hewa hiyo ndani yake, na haikuwa hivyo. “Atom” ni kisichokatika, nasi tunajua kilikatika na nini kilifuata. Mzizi unakwambia mtu alifikiri nini siku alipokiita kitu jina. Kitu chenyewe ukichunguze.

Tena si kila jina la tiba limetoka Athene au Roma. Ugonjwa uliolipuka huku Newala na uwanda wa Wamakonde miaka ya 1952 na 1953 dunia nzima inauita “chikungunya”, neno la Kimakonde la kujikunja, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Daktari wa Brazil analitamka. Nalitaja ili vijana mjue kwamba mlango huu una pande mbili.

Kuna watakaosema: basi tuwape wanafunzi orodha ya mizizi mia tano waikariri. Nakataa kwa nguvu zangu zote. Huo ni ugonjwa uleule wa kunakili mara ishirini umevaa kanzu mpya. Halafu tuwe wakweli kuhusu mipaka ya njia hii. Maneno ya kila siku ya Kiingereza, “go”, “get”, “put”, “house”, “bread”, hayatokani na Kigiriki wala Kilatini, na hayo ndiyo yanayobeba mazungumzo. “Put off” na “put up with” hutazijua kwa mzizi, utazijua kwa kusikiliza, kusoma na kukosea. Mizizi ni ya maneno mazito ya vitabu: sayansi, sheria, tiba, siasa, uchumi. Huko ndiko mtoto wetu anakofelishwa, si kwa kukosa akili ya fizikia, bali kwa kutoelewa swali limeuliza nini.

Baada ya “hypo” na “hyper”, mimi hufundisha mzizi mmoja kwa wiki, na siuchagui mapema. Nausubiri utokee katika sentensi tunayoisoma darasani. Ukitokea “transport”, tunasimama. “Port” ni kubeba. Nani ameona ndugu zake? Mmoja atasema “export” ameiona kwenye magunia ya kahawa, mwingine “import”, mwingine “passport”, na hapo tutabishana, kwa kuwa ile “port” ni ya bandari au lango na si ya kubeba moja kwa moja. Ubishi huo ni somo. Kisha kila mmoja anaandika kwenye daftari lake sentensi moja yake mwenyewe. Mwisho tunafungua kamusi kuhakikisha. Nalo neno kamusi lina kisa chake. Mwanachuoni Firuzabadi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, aliliita kamusi lake la Kiarabu “al-Qamus al-Muhit”, bahari izungukayo dunia, na hilo “qamus” asili yake ni “Okeanos” ya Kigiriki. Kwa hiyo kamusi mkononi mwa mwanafunzi na “ocean” ndani ya kitabu chake cha jiografia ni neno moja.

Walimu wenzangu, ombi langu ni dogo. Hatuhitaji mtaala mpya wala fedha za mradi. Jumatatu mkiingia darasani, kabla hamjaandika “photosynthesis”, andikeni kwanza usanisinuru. Kabla ya “triangle”, andikeni pembetatu. Kisha wekeni chaki chini, mwape watoto dakika tano watafute wenyewe maneno hayo yamefanana wapi. Na wewe mwanafunzi uliyeketi kule nyuma, kama mwalimu wako hajafanya hivyo, usimngoje. Chora mstari katikati ya ukurasa wa daftari lako, Kiingereza huku, Kiswahili kule, na uanze leo jioni.